Aliyekwenda Kucheza Ng'ambo

Kabla nchi nzima haijamwita Mnara, alikuwa msichana wa kiwanda cha nguo aliyejipinda mgongo ili asionekane mrefu. Milangoni aliinama hata pale ambapo mlango ulimtosha. Kwenye picha za arusi walimsimamisha nyuma kabisa, na bado kichwa kilijitokeza kama cha mtu aliyepanda kiti. Mama yake, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, alimchapa kofi la mgongoni kila alipopita karibu.

"Nyooka! Sikushona gauni ili livaliwe na ndoano."

Kilichomnyoosha ni mpira. Nyuma ya kiwanda palikuwa na uwanja wa saruji ambapo wanaume wa zamu ya asubuhi walicheza mpira wa kikapu baada ya kazi. Siku moja mpira uliwaponyoka, ukabingirika mpaka miguuni pake alipokuwa akila na wenzake. Badala ya kuwarudishia, alisimama akaurusha kwa mkono mmoja kuelekea golini, kama mtu anayetupa maganda ya chungwa. Ukapita katikati ya kikapu bila kugusa chuma.

Kocha wao, ambaye mchana alikuwa fundi mitambo na jioni akawa kocha, alimtazama kwa muda.

"Rudia," akasema.

Akarudia, akakosa. Akaufuata mpira kwa hasira, akakosa tena, akaufuata tena. Chakula chake kikapoa kwenye benchi. Miaka mingi baadaye Kocha alikuwa akiwaambia watu kwamba hakumchagua kwa mpira ule ulioingia, alimchagua kwa namna alivyochukia ile iliyokosa.

Hakukuwa na timu ya wanawake popote wakati huo. Kocha alizunguka kwenye vyumba vya kufuma, vya kupaka rangi na vya kukunja nguo, akiwaomba wasichana wajaribu. Wengine walimcheka, wengine walikatazwa na waume zao, lakini waliobaki walitosha. Kaptula za kike hazikuuzwa dukani, basi Mama Fundi akazishona kwa kitambaa cha pazia kilichokataliwa na kiwanda kwa sababu rangi yake ilikuwa imekosewa. Zilikuwa ndefu mpaka magotini na zilivimba upepo ukipiga.

Mechi ya kwanza, watu walijaa kuja kucheka. Mwanamume mmoja alipiga kelele, "Jamani, mapazia yametoroka madirishani!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Fundi, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele na mkoba wake mapajani, aligeuka akamjibu, "Na wewe kaa kimya, suruali yako nimeitia viraka mimi mwenyewe, najua lilipo tundu." Wakamcheka yule bwana badala yao. Mchezo ukaanza. Walipofika nusu ya mchezo hakuna aliyekuwa akicheka tena, kwa sababu yule msichana mrefu alikuwa anachukua mipira hewani kama mtu anayechuma matunda ya mti wake mwenyewe.

Timu ya kwanza ya taifa ya wanawake ilipoundwa, yeye ndiye aliyekuwa nahodha. Mtangazaji wa redio, aliyeishiwa na maneno kwenye mechi moja, akamwita Mnara, na jina likamganda. Hakujipinda mgongo tena.

Katika miaka hiyo aliolewa na dereva wa lori, mtu mcheshi, mfupi kuliko yeye, aliyependa kusema kwamba amepanda cheo kwa kuoa ghorofa. Ucheshi huo haukudumu. Kila wakienda mahali watu walimsalimia mke, walimshika mkono, walimwomba apige nao picha, na mume akabaki pembeni ameshika mwavuli. Mtoto wao wa kike alipokuwa bado ananyonya, yule bwana alifungasha nguo zake.

"Mimi nilioa mke," alimwambia mlangoni. "Sikuoa gazeti, la kushikwa na kila mtu."

Mnara hakumbembeleza. Alirudi kwa mama yake na mtoto, wakaishi kwenye vyumba viwili ambavyo kimoja kilijaa cherehani, marobota na vitambaa vya wateja. Mtoto alikuwa mdogo wa umbo kama baba yake na hakutulia hata dakika. Bibi yake akampa jina la Sisimizi.

Sisimizi alikuwa ameanza tu kusema maneno mawili matatu pale ilipokuja habari ambayo haikuwahi kumjia mwanamke yeyote wa nchi ile. Klabu ya ng'ambo ilikuwa imemwona Mnara akicheza kwenye mashindano ya mataifa, na ikamtaka. Angelipwa kwa kucheza. Si kucheza baada ya zamu, mikono ikinuka mafuta ya mashine, bali kucheza tu, ndiyo kazi. Lakini klabu ilitaka mchezaji, haikutaka mchezaji na mtoto.

Kwa siku kadhaa hakumwambia mtu. Mama yake ndiye aliyeanza, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akilishona.

"Kocha amenieleza."

"Sijaamua, Mama."

"Umeshaamua. Unaogopa tu kusikia mdomo wako ukisema." Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Nenda. Mtoto nitamlea mimi. Nilikulea wewe na urefu wako wote huo, huyu wa kimo cha kijiko atanishinda?"

Mnara akacheka, kisha akalia, kisha akaenda.

Alikwenda kwa mkataba wa misimu miwili. Mji ule ulikuwa na baridi ya kukata masikio, na chumba chake kilikuwa juu ya duka la viatu. Wiki za kwanza alilala akiwa amevaa soksi mikononi. Lakini ukumbi wa mchezo! Sakafu ilikuwa ya mbao, imesuguliwa mpaka taa zikaonekana ndani yake kama kwenye maji, na mpira ukidundwa ulirudi mkononi sawasawa, si kama ile saruji ya nyumbani iliyojaa mabonde. Mara ya kwanza alipoingia humo peke yake alivua viatu akatembea pekupeku kutoka goli mpaka goli. Na huko ndiko alikogundua jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote: kwamba alikuwa na furaha. Alimkumbuka mtoto mpaka kifua kikamuuma, na wakati huohuo alikuwa na furaha, na vitu hivyo viwili vilikaa ndani yake kama wapangaji wasiosalimiana.

Alipiga simu kila wiki kwenye duka la jirani. Mwenye duka alimtuma mtu akawaite, naye Mnara akasubiri akisikiliza kelele za mtaani kwao kwenye waya. Mwanzoni mtoto alipumua tu kwenye simu. Baadaye akaanza kusimulia habari za paka, za mvua, za jino lililong'oka. Halafu siku moja, alipokuwa ameshaanza shule, alisikiliza maswali ya Mnara akayajibu yote kwa adabu, kisha akasema, "Unataka kuongea na mama? Huyu hapa."

Akampa simu bibi yake.

"Mtoto tu huyo," Mama Fundi alisema haraka. "Anasikia watu wananiita Mama Fundi, naye anafuata."

"Ndiyo, Mama."

"Unarudi lini?"

"Msimu huu ukiisha."

Mama Fundi akaguna. "Misimu yenu huko ina mwisho kweli?"

Ile misimu miwili ya mkataba ilipoisha, klabu ilikuwa imemwomba abaki, akabaki. Ilipoisha mingine, klabu kubwa zaidi ikamtaka, akahamia huko. Alituma nguo, viatu, mwanasesere mwenye nywele za dhahabu. Likizo moja alirudi nyumbani na kukuta viatu vyote alivyotuma vimepangwa chini ya kitanda, vipya vitupu. Alikuwa akikisia kipimo cha mguu, na mguu ulikuwa ukimpita. Sisimizi alimtazama akiwa nyuma ya gauni la bibi yake, akauliza kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Mgeni atalala kitanda gani?"

Wakubwa husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mnara alilijua hilo, na bado likizo ilipokwisha alipanda ndege. Wanawake wengine wa nchi yake walikuwa wameanza kumfuata ng'ambo, mmoja, wawili, na kila mmoja alisema kwamba njia ilifunguliwa na yeye. Magazeti ya nyumbani yalimwandika. Alijiambia kwamba siku moja mtoto atasoma, ataelewa.

Goti lake la kulia lilikatika katika mechi ambayo hata haikuwa kubwa. Aliruka kuchukua mpira kama alivyoruka maisha yake yote, akatua, na wote waliokuwa karibu walisikia mlio, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Daktari alimpasua, akampasua tena, halafu akamweka kitako akamweleza kwa upole kwamba atatembea, ila mchezo umekwisha. Klabu ikampa maua na mkono wa buriani. Maua yalinyauka kabla hajamaliza kufungasha.

Alirudi na mkongojo. Uwanja wa ndege walikuja Kocha, aliyekuwa amezeeka, na wachezaji wenzake wawili wa zile kaptula za pazia. Mwenyekiti wa chama cha mpira wa kikapu alimpokea ofisini, akamkalisha kwenye kiti laini, akamsifu mpaka soda ikaisha gesi.

"Nchi inakuthamini sana, dada. Tutakuita utufundishie mabinti zetu."

Alisubiri kuitwa. Hakuitwa. Alikwenda tena, akaambiwa mwenyekiti ana kikao. Mara ya tatu mlinzi wa getini, kijana wa watu, alimwuliza jina ili aandike, na Mnara akajikuta analitaja jina lake la utotoni, kwa aibu ya kutaja lile jingine.

Nyumbani, Sisimizi alikuwa sasa binti wa sekondari, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Alimkaribisha vizuri. Alimpokea begi, akamtandikia, akamuuliza kama maji ya kuoga yawe ya moto. Hakuwa na ukorofi wowote, na heri angekuwa nao. Binti huyo alimwita bibi yake Mama. Na mama aliyemzaa alimwita Mnara, kama walivyomwita wauza magazeti.

Mnara aliketi karibu na cherehani akajaribu kusaidia kushona vifungo, lakini vidole vile vilivyokuwa vikikamata mpira kama chungwa havikuweza kushika sindano. Mama Fundi alimtazama akijichoma, akacheka mpaka machozi.

"Acha, mwanangu. Utatia damu nguo ya bibi arusi."

Huo ulikuwa mwaka wa mwisho wa kicheko kile. Asubuhi moja walimkuta Mama Fundi kitandani, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake. Kiharusi. Hospitali walikaa naye kwa siku kadhaa, kisha wakawaambia wamrudishe nyumbani wamtunze.

Hapo ndipo Mnara alipojua ukubwa wa kile alichokikosa. Kumwinua mama yake aliweza; mikono yake mirefu ilimbeba kutoka kitandani mpaka kwenye kiti bila kumtikisa, goti likimlilia. Lakini mengine yote aliyajua binti.

"Siyo hivyo," Sisimizi alikuwa akisema, taratibu, bila hasira. "Uso aelekee ukutani, mwanga unamsumbua. Mto mmoja tu. Uji usiwe na sukari nyingi, hapendi, anakunywa tu ili usijisikie vibaya."

"Tangu lini hapendi sukari?"

"Tangu zamani."

Mnara akajifunza. Mwanafunzi alikuwa yeye, mwalimu alikuwa mtoto wake. Alijifunza kumpaka mama mafuta miguuni, kumsugua mgongo ili asipate vidonda, kusoma macho yake kwa sababu ulimi ulikuwa hautamki tena. Kwa miezi hiyo wote watatu walikuwa kwenye chumba kimoja, na mara mojamoja, wakimgeuza mgonjwa pamoja, mikono ya mama na ya binti ilikutana chini ya shuka. Hakuna aliyeiondoa kwa haraka.

Mama Fundi alifariki mchana, mvua ikinyesha, Mnara ameshika mguu wake na Sisimizi ameshika kichwa.

Msibani wanawake waliingia mmoja mmoja kutoa pole. Walipita moja kwa moja kwa Sisimizi, wakamkumbatia, wakamwambia, "Pole mwanangu, umempoteza mama." Kisha wakageuka kwa Mnara wakampa mkono, kama anavyopewa ndugu aliyetoka mbali. Aliupokea kila mkono. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utoto, lakini siku ile aliiona imekaa mkekani, inafutwa machozi na watu.

Msiba ulipokwisha, wawili hao walibaki wakikunja nguo za marehemu. Sisimizi alisema kwamba amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, mji mwingine, na kwamba ataondoka.

"Ni vizuri," Mnara alisema. "Una mikono ya kazi hiyo." Akakunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Kama kuna neno unataka kuniambia kabla hujaenda, niambie."

Binti aliokota gauni jingine, akalinyoosha kwa kiganja.

"Walikuwa wanakuonyesha kwenye televisheni ya dukani," alisema. "Mtaa mzima unajaa pale. Ukifunga wananibeba juujuu, wananirusha. Na mimi nashangilia, kwa sababu wote wanashangilia. Halafu tunarudi nyumbani, mimi na Mama, namuuliza, mbona anaruka juu kuliko watu wote na hawezi kuruka aje hapa?"

"Akakujibu nini?"

"Alisema unafanya kazi kwa ajili yangu." Akainua macho. "Ni kweli?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ndiyo, mwanangu, kwa ajili yako: karo, viatu, dawa za bibi yako. Mtu yeyote angelisema, na lisingekuwa uongo mtupu. Mnara alimtazama yule binti mfupi aliyesimama mbele yake na gauni la marehemu mkononi, akaona kwamba amekwisha kudanganywa kwa mapenzi miaka ya kutosha.

"Hapana," akasema. "Hela zilikuja kwako, hilo kweli. Lakini mimi nilikwenda kwa sababu nilipenda kucheza. Kila msimu nilijiambia narudi, na kila msimu niliuona ule uwanja nikabaki. Nilikupenda na nikabaki. Sina namna ya kulisema likawa zuri."

Sisimizi alilia hapo, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia hata makaburini. Mnara alipomsogelea, alimzuia kwa kiganja. Si kwa chuki, ila alimzuia. Baada ya siku chache aliondoka.

Mnara akabaki na vyumba viwili na cherehani iliyofunikwa shuka. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, lakini ule uwanja wa saruji ulikuwepo, majani yameota kwenye nyufa. Alianza kwenda pale jioni na mpira mmoja. Wasichana wakaja, kwanza kuchungulia, kisha kucheza. Aliwafundisha akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa mbele, akifoka kama mama yake: "Nyooka wewe! Urefu unaficha ili umwachie nani?" Wenye watoto wachanga aliwaambia waje nao, na mara nyingi alionekana anafundisha na kitoto kimoja kimelala begani pake. Hakuna aliyemtuma wala kumshukuru. Ni hivyo tu, jioni zilikuwa ndefu.

Hatimaye chama kilipata mwenyekiti mpya, na huyo akaamua kumpa Mnara heshima mbele ya watu, kabla ya fainali ya taifa. Mnara alimtumia Sisimizi ujumbe wa kumwalika. Sisimizi, aliyekuwa sasa muuguzi kamili, alijibu kwamba ataona kama atapata ruhusa.

Siku ile ukumbi ulijaa. Wasichana warefu waliovaa kaptula za kutengenezwa viwandani walijipanga mistari miwili, Mnara akapita katikati yao akichechemea. Walisimama wote wakampigia makofi, mpaka kina mama waliokuwa wakiuza maji mlangoni. Yeye alikuwa akipitisha macho kwenye viti, safu kwa safu, akimtafuta mtu mmoja mfupi. Hakumwona. Alishukuru kwa maneno machache, akakaa upesi, watu wakadhani ni furaha imemzidi.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi kwenda mji wa binti yake, bila kumwarifu. Hospitali walimwambia Sisimizi yuko wodini, zamu yake bado mbichi. Akakaa kwenye benchi la korido, mguu ameunyoosha, watu wakiuruka kupita. Mara tatu au nne alimwona binti yake akipita mbio na sinia la dawa, akiingia chumba hiki na kutoka kile, anainama kwa huyu, anamfunika yule, mwepesi, hakika wa kila anachokifanya. Alikuwa hajawahi kumwona akifanya kazi. Alimtazama kama watu walivyokuwa wakimtazama yeye.

Sisimizi alipomwona alisimama ghafla. "Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa."

"Jana sikuja... Ruhusa nilipewa. Sikuweza kuja."

"Sikuja kukuuliza hilo. Nimekuja kukusubiri tu, utoke kazini."

"Nachelewa kutoka mimi."

"Nitakaa."

Binti alitazama ule mguu, jinsi goti lilivyovimba kwa safari. Akaingia wodini, akarudi na mto na kibonge cha barafu kilichofungwa kitambaa, akapiga magoti pale koridoni, akauinua mguu juu ya mto, akaweka barafu mahali penyewe hasa panapouma bila kuuliza.

"Umekula?" akauliza, bado ameinama.

"Bado."

"Nikitoka tutapita nyumbani kwangu, nina maharage. Ila kitanda ni kifupi, miguu yako itaning'inia."

"Nimezoea," Mnara akasema.

Sisimizi akainuka, akarudi kwa wagonjwa wake. Mnara akaegemea ukuta, akashika barafu, akasubiri.